Daktari wa Makoti

Mimi si mtu wa kuogopa. Niliacha shule darasa la sita, nikabeba magunia ya majani chai kwa mgongo, na leo nina malori matatu na duka la vifaa vya ujenzi pale Silibwet, lenye mlango wa vioo. Maofisa wamekuja kunitisha wakaondoka wakinishukuru. Lakini kulikuwa na mwanamke mmoja mfupi, mwenye sweta ya kijani iliyotoka nyuzi kwenye viwiko, ambaye akivuta kiti cha plastiki na kukiweka mbele yangu, moyo ulikuwa unanienda mbio.

"Kaa," angesema. Nakaa. "Sasa simama. Bila mikono."

Hapo ndipo mtu mzima anajijua. Mikono inataka kushika mapaja, inataka kushika kiti, inataka kushika hata hewa. Yeye anatazama mikono tu. Alikuwa na msemo wake: "Mdomo unaweza kudanganya, lakini mikono ndiyo mwongo mkubwa zaidi."

Alikuwa mtu wa tiba ya mazoezi katika kituo cha afya kule kwetu Kiptere, chumba cha mwisho, karibu na tangi la maji. Hakudunga sindano, hakuandika dawa. Kazi yake ilikuwa viungo, na katika nchi ya chai viungo maana yake ni magoti. Mtu amepanda na kushuka miteremko miaka thelathini na kikapu mgongoni. Ule mto laini ulio katikati ya mifupa umelika, na sasa mfupa unasalimiana na mfupa. Wagonjwa wake wote walikuwa hao.

Sisi tulimwita Daktari wa Makoti. Yeye ametoka ng'ambo, kwa Wakisii, na siku zake za kwanza alichanganyikiwa kabisa. Sisi Wakipsigis, ulimi wetu hauna haja sana ya kutenganisha g na k. Mzee anaingia, anasema, "Taktari, koti yangu inauma." Yeye anatazama koti la mzee. Anasema, "Vua." Mzee anavua koti, anangoja. "Sasa mbona hushiki?" mzee anauliza. "Nishike nini?" "Si koti!" Habari hiyo ilifika sokoni kabla mzee hajafika nyumbani. Kisha kuna fundi mmoja wa kuchonga mawe, mgeni, aliyesikia kwamba kuna bingwa wa makoti pale kituoni. Alikuja na koti lake la harusi lililochanika kwapa. Daktari hakumfukuza. Alimshonea. Halafu akamwambia, "Umetembea kutoka mlangoni ukichechemea. Kaa hapo."

Lakini jina lilimkaa kwa sababu nyingine pia. Kile chumba hakikuwa na taulo wala mito. Kwa zoezi lake la kwanza, unalala chali, kitu kinakunjwa na kuwekwa chini ya goti, halafu unakikandamiza kwa nguvu zote za paja, unahesabu. Kwetu kuna baridi, kila mtu ana koti. Basi alikuwa ananyoosha mkono bila kukutazama: "Lete koti." Analikunja mara tatu, analisukuma chini ya goti lako. Nimeona koti la mchungaji likikandamizwa pale, na la chifu.

Zoezi la pili lilikuwa la unga. Unakaa kitini, anakufungia pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili kwenye kifundo cha mguu, kwa kitambaa, na unanyoosha mguu mpaka ulingane na paja. Mara kumi. Alihesabu kwa Kikipsigis, akenge, aeng', somok, kwa sauti ya mtu anayegombana na ng'ombe. Alijua kumi tu. Zaidi ya kumi alianza tena upya, na akina mama walicheka mpaka wakasahau kulia.

Jina lake siliandiki, alinikataza. Hakupenda hata kushukuriwa. Ukimwambia "kongoi", anajibu, "Nenda ukalishukuru paja lako."

Watu walisema anachukia mashine na dawa za kienyeji. Si kweli. Alikuwa na daftari moja kubwa, na ndani yake alipiganisha tiba kama majogoo. Huyu amekandwa kwa maji moto na chumvi. Huyu amefungwa plasta ya kuvuta goti pembeni. Huyu amepewa fimbo, na fimbo alishika mkono wa upande usiouma, siyo ule mnaodhani. Huyu amewekewa kile kimashine kidogo cha umeme kinachotekenya ngozi. Huyu ni mazoezi tu. Kila mmoja alipimwa kwa kiti kilekile: unasimama mara ngapi kabla hajasema basi. Kisha anakuletea mkebe wa kahawa wenye punje kumi za mahindi.

"Nipe maumivu yako," anasema, ameweka kiganja wazi.

Wewe unahesabu punje unazompa. Kumi ni kulia. Moja ni kukumbuka tu. Mimi siku ya kwanza, na haya magoti yangu ya kubeba magunia, nilimpa tatu. Alitazama kiganja, akatazama jasho kwenye mdomo wangu wa juu, akaniambia, "Tajiri, hata punje unanipunja? Ongeza." Niliongeza tano.

Akishafunga daftari, alisema maneno yaleyale kwa kila mtu: "Maji moto yanakutuliza leo. Umeme unakutuliza mpaka jioni. Plasta inakushikia njiani. Vyote ni vizuri, sivikatai. Lakini nani atakupandisha mlima kesho? Ni paja." Mwenyewe alikuwa na vituko vyake. Aliwaambia wanene wapunguze uzito huku ana mandazi mfukoni. Alidai kila mtu atembee, naye aliogopa mbwa hivi kwamba alizunguka njia ndefu kufika kazini. Na alichukia uongo kuliko kitu chochote, lakini alinidanganya majuma saba.

Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mama yangu ndiye aliyenipeleka kwake, siyo mimi niliyempeleka mama. Mama alichuma chai tangu ana meno yote. Nimemjengea nyumba ya mawe, nikamwambia akae. Hakutaka kukaa. Ana mistari yake ya chai chini ya nyumba, ana namba yake mwenyewe ya mkulima, na alichotaka duniani ni kimoja: kupeleka majani yake senta, pale chai inaponunuliwa, na kusimama kwa mizani mwenyewe, na kuona mshale unasimama wapi. "Ukipelekewa majani yako na mtu mwingine," alisema, "wewe umeshazikwa, ni vile tu hawajakuambia." Senta iko juu ya mlima kidogo. Magoti yake yalianza kukataa ule mlima.

Sasa mimi, nikiona mama yangu analala juu ya koti na kufungwa unga kama duka, niliona aibu. Mtu wa hadhi yangu! Nikaenda mjini, nikauliza, nikaonyeshwa mashine ya mawimbi ya sauti. Ina kichwa cha chuma kama chini ya pasi ndogo. Unapakwa mafuta mazito yenye ubaridi, kichwa kinazungushwa juu ya goti. Ilikuwa imetumika, lakini taa yake ya kijani iliwaka vizuri. Niliinunua, nikaileta na pikapu, na nikafanya sherehe. Chifu alikuja, mchungaji aliomba, mama yangu alikaa mbele amefunga kilemba kipya. Kibao kikapigiliwa juu ya mlango: jina langu lote, na chini yake, MFADHILI. Nani mwingine pale kwetu aliwahi kufanya hivyo? Hakuna.

Daktari alipeana mkono nami. Hakusema mengi. Nilidhani ana wivu.

Watu walifurika. Walitoka mpaka ng'ambo ya mto. Na walipona! Nasema hivi nikiwa na mashahidi. Wanawake waliokuja wameshikwa mikono walirudi wakibeba maji. Kila mahali nikawa nasikia: mashine ya Kiptere, mashine ya Kiptere. Nilikuwa nasimamisha pikapu barabarani ili niulizwe.

Mtu mmoja tu hakupona. Mama. Wiki ya tatu alimpa daktari punje tano badala ya nane, na nikachinja mbuzi. Wiki ya sita punje zilirudi nane. Wiki ya saba alishindwa kutoka kitini hata kwa mikono. Paja lake lilikuwa limebaki ngozi inayoning'inia kwa mfupa.

Ndipo daktari akaniita. Alifunga mlango. Hakuvuta kiti, na hilo peke yake lilinishtua.

"Wengine wote wanafanya mazoezi," alisema. "Nawaambia mashine haiingii ndani bila mazoezi, basi wanafanya. Kogo, huyu bibi mama yako, anakataa. Kila nikimwambia ananijibu, 'Mwanangu amenunua mashine, mimi niinue unga kwani ni mtoto?' Amekataa kabisa. Anakataa kwa heshima yako, unaelewa?"

"Basi ongeza nguvu ya mashine," nikasema.

Akawasha mashine, taa ya kijani ikawaka. Akakigeuza kile kichwa kikatazama juu, akachovya vidole kwenye kikombe, akadondosha maji kidogo juu ya chuma.

"Ikiwa hai," alisema, "haya maji yanatetemeka. Yanachemka juu juu kama yanataka kukimbia. Tazama."

Nilitazama. Maji yalitulia kama umande juu ya jani. Aliongeza mpaka mwisho. Yalitulia. Nilijiona uso wangu ndani yake, mdogo, umepinduka.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu ulipoileta. Nilipima kesho yake."

"Na ukanyamaza? Majuma saba unawapaka watu mafuta ya bure?"

"Nilinyamaza kwa ajili yako. Ungeaibika mbele ya chifu, ungemtoa mama yako hapa, na nisingemwona tena. Nikasema, wacha mashine iwaite watu, mimi nitawafanyisha kazi. Nilikosea. Kwa ajili yake sasa naongea."

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwa mwizi. Nilimwambia mambo mabaya. Nilimwambia arudi kwao. Nilimwambia nitahakikisha amehamishwa kabla mwezi haujaisha, na ningeweza, watu wananijua.

"Hamisha," alisema. Aliificha mikono yake ndani ya sweta, nikaona, naye akaona nimeona. "Lakini kwanza mwambie mama. Paja lake halina mwezi wa kungoja."

Nilikaa siku nne. Nitaziandika vile zilivyokuwa. Siku ya kwanza nilikwenda kwa mama, nikanywa maziwa, nikarudi. Siku ya pili nilituma sukari. Siku ya tatu nilikwenda mjini kumtafuta aliyeniuzia. Duka lilikuwa na mtu mwingine anauza magodoro. Siku ya nne niliketi kwenye pikapu nje ya boma la mama, injini inanguruma, nikageuza gari.

Siku ya tano, mchana, mvua ya mawe ilishuka. Wanaojua nchi yetu wanajua ile sauti, kama mtu anamwaga kokoto juu ya mabati yote kwa wakati mmoja. Nilikuwa njiani kuja. Nilikuta mlango wa mama uko wazi na kiti kitupu.

Nilimpata kwenye mistari yake ya chai. Alikuwa amejiburuta kwenda kuchuma tangu asubuhi, akachuchumaa kutoa magugu, na magoti yakakataa kumrudisha juu. Alikuwa ameketi kwenye matope katikati ya miti, amejifunika kikapu kichwani, mawe yanaruka juu yake, na majani aliyochuma ameyakumbatia kifuani yasipigwe. Alikuwa amekaa pale chini kwa muda wa saa tatu.

"Mama!"

"Usipige kelele," alisema. "Niinue."

Nilichuchumaa, na magoti yangu mwenyewe yakalia kama mlango. Tukawa wawili pale chini, mimi nimemfunika kwa mgongo. Na hapo, na mawe yananipiga kisogoni, ndipo maneno yalitoka.

"Mama, ile mashine ni mbovu. Imekufa. Ilikuwa imekufa tangu niilete."

Kisha akauliza, "Umejua lini?"

"Siku nne."

Alitoa mkono chini ya kikapu, akanyoosha vidole vinne mbele ya macho yangu, akavitazama kama anavihesabu upya. Akaurudisha mkono.

"Huyo mama wa unga," alisema, "bado yuko? Ama umeshamfukuza?"

"Yuko."

"Basi mpigie aje. Na wewe usinunue kitu kingine."

Daktari alikuja nyumbani kwa miguu, na mbwa wetu watatu wakambwekea, akapita katikati yao akiwa amefumba macho. Sikuomba msamaha, sikujua nianzie wapi. Nilimshikia mama mguu. Daktari alinyoosha mkono bila kunitazama. "Lete koti." Nikavua.

Ilichukua muda mrefu. Kuna siku mama alimtukana kwa Kikipsigis safi, na yeye akamjibu "kongoi" kwa sababu hakuelewa. Alimkanda kwa maji moto kwanza, kisha kazi. Kiti, unga, koti. Hatua mbili mpaka mlangoni, hatua kumi mpaka kwenye banda la ng'ombe. Mvua za vuli zilipoanza, mama alipanda mlima wa senta na fimbo yake kwa mkono unaotakiwa, kikapu nimebeba mimi, na alipofika akaninyang'anya. Alisimama kwa mizani mwenyewe. Mshale uliposimama alisema, "Soma tena," na karani akasoma tena.

Je, maumivu yaliisha? Hapana. Mpaka leo anatoa punje tatu. "Nani alikuambia yataisha?" daktari alimwambia. "Nilikuahidi mlima tu."

Na kibao? Kibao kilibaki. Hapa ndipo nisipojisifu. Watu waliendelea kuisifu mashine, na mimi niliendelea kusimamisha pikapu. Daktari aliizungusha juu ya magoti ya watu mpaka siku aliyostaafu, kisha akawafungia unga, na hakutoa siri yangu kwa mtu yeyote. Tulipokutana sokoni alinisalimia, "Chamgei, mfadhili," na neno hilo lilinichoma, lakini sikulikataa.

Mwaka jana nilikuwa napita Kedowa na mzigo wa simiti. Pale kando ya barabara wanauza viazi. Nikaona sweta ya kijani. Nilisimamisha lori.

Alikuwa ameketi juu ya kigoda nyuma ya ndoo za viazi, pamoja na mke wa mwanawe, mama kijana mwenye sauti kubwa. Alinitambua mara moja, akafurahi, akataka kusimama kunisalimia. Na nikaona. Mikono ilikwenda moja kwa moja kwenye mapaja. Ikasukuma. Ikashindwa. Akajifanya anapanga viazi.

"Daktari," nikasema, "goti?"

"Ni uchovu tu."

"Uchovu gani, mama!" mke wa mwanawe akadakia. "Miezi miwili hafiki hata msalani bila kushikwa. Tukimwambia afanye yale mazoezi yake, anasema amechoka kuhesabu. Lakini wiki ijayo tunampeleka Kiptere. Kuna mashine huko kwenye kituo chake cha zamani, hata yeye aliitumia, watu wanasema inaponya magoti kabisa. Tajiri mmoja aliitoa."

Wauza viazi wawili wa karibu waliitikia. "Hiyo mashine ni kweli," mmoja alisema. "Shangazi yangu ilimponya."

Nilimtazama daktari. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua udongo kwenye kiazi kimoja kwa kidole gumba, anausugua mahali palepale. Angeweza kusema neno moja tu. Alikuwa amekubali kupandishwa gari, kupelekwa kwenye chumba chake mwenyewe, kulala chini ya kibao changu na kupakwa mafuta na kile chuma kilichokufa, kuliko kuniaibisha. Nilihisi mawe ya ile mvua kisogoni.

"Msimpeleke," nikasema.

"Kwa nini?"

"Huyo tajiri ni mimi. Na mashine haifanyi kazi. Haijawahi kufanya kazi hata siku moja. Niliuziwa kitu kibovu, nikakiwekea jina langu. Aliyeponya watu ni huyu hapa, kwa unga."

Kisha mmoja wa wauza viazi akacheka, akacheka mpaka akashika ndoo. "Ati uliiwekea jina!" Mwingine akampigia simu mtu hapo hapo. Wacha wapige. Na hapa nimeiandika ili isiwe ya Kedowa peke yake. Kibao nilikitoa kesho yake kwa mikono yangu, na misumari ninayo.

Daktari hakucheka. Aliniangalia na macho yamejaa maji, akauliza kwa hasira, "Nani alikuomba useme?"

Nilimwambia mke wa mwanawe atandike gunia nyuma ya ndoo na alete pakiti ya unga dukani. Tulimlaza chali pale kando ya barabara, malori yanapita. Alipinga. Alisema ana aibu, alisema watu wanaona. Nilichuchumaa, magoti yangu yakalia, na nikavua koti langu. Ni koti zuri, la sufu, sikulipata bure. Nililikunja mara tatu, nikalisukuma chini ya goti lake.

"Kandamiza," nikasema.

Hakukandamiza. Alikuwa anatazama mbinguni, midomo imebana.

"Akenge," nikasema.

"Akenge," nikarudia, kwa sauti ya mtu anayegombana na ng'ombe.

Nikaona paja linajikaza chini ya sketi, kidogo, kama mnyama anayeamka. Koti langu likabonyea.

"Aeng'," akasema yeye.